Tundu la Reale

Usiku ule reale ya bibi yangu ililala nzima. Niliiweka ndani ya bilauri safi, juu ya meza iliyo karibu na kitanda changu, ili asubuhi niichukue bila kuitafuta. Na kabla ya kuzima taa niliitazama tena, kama mtu anavyoitazama kazi iliyotimia kama alivyoiagiza. Palipokuwa na tundu hapakuwa na tundu. Nilifurahi. Naliandika neno hilo kwa aibu, lakini sina jingine la kuliweka mahali pake.

Asiyeijua sarafu hiyo na aelezwe. Kabla ya rupia kutuvukia kutoka Bara Hindi, biashara kubwa ya pwani yetu ilikwenda kwa reale za fedha, na nyingi katika hizo hazikupigwa kwetu. Wazee walizipa majina kwa macho yao wenyewe. Ile ya Wahispania, yenye nguzo mbili, waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa katika nguzo zile wao waliona mizinga. Na watu waliokwisha kuzizoea manowari hawakuwa na haja ya kusahihishwa. Ilikuwapo reale ya Fransa. Alikuwapo hata Sultani mmoja wa Unguja aliyeagiza reale yake mwenyewe, isiyo na sura ya kiumbe, maandishi matupu, nazo zilikuwa chache, zikapita. Iliyotawala kuliko zote ni reale ya Sham, ambayo haikutoka Sham. Ilitoka nchi ya baridi katikati ya Ulaya. Upande mmoja ina tai mwenye vichwa viwili. Upande wa pili ina malkia mnene wa nchi hiyo, amejitanda ushungi.

Ushungi ule ni wa ujane. Malkia alifiwa na mumewe akajitanda, na wachoraji wakamchora hivyo. Kisha yeye naye akafa, na mafundi wa nchi yake wakaendelea kuupiga uso uleule pamoja na mwaka uleule, mwaka wa mauti yake, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu wafanyabiashara wa huku na wa Bahari ya Shamu walikataa sura nyingine yoyote. Waliijua kwa kidole. Walizipapasa lulu za kichwani pake na kile kishikizo cha begani, na lulu moja ikipungua sarafu ilirudi ilikotoka.

Hayo nimeyafundisha miaka mingi. Mimi ni mwalimu wa historia, na nje ya darasa watu wananijua kwa makala ninazoandika juu ya ukweli na adabu, ambazo naambiwa ni kali. Naukiri ukali huo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika katika insha yake kwamba babu yake alikuwa nahodha, hali mtaa mzima ulijua kwamba mzee yule aliuza mkaa. Nilimrudishia insha yake mbele ya wenziwe nikamwambia kwamba mkaa hauna aibu. Aibu ni huo unahodha. Nilitoka nikijiona nimefundisha.

Reale yetu ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, Bi Tatu, aliyekaa Ng'ambo mpaka alipofariki, mimi nikiwa kijana ndiyo kwanza naanza kazi. Aliivaa shingoni kwa uzi mweusi, tai kaelekea nje, malkia kaelekea kifuani. Sisi wajukuu tulikuwa tukimsumbua aigeuze tumwone malkia, naye hakukubali.

"Yumo edani huyo," alikuwa akisema. "Mjane hatolewi barazani kutazamwa na wanaume."

"Mimi si mwanamume, Bibi. Mimi mtoto."

"Wewe mume wangu. Mtoto ni yule." Na hapo humnyooshea kidole baba yangu, naye baba hucheka na kuondoka.

Mume wangu: ndivyo alivyoniita maisha yake yote, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume kwa mzaha.

Tundu lilikuwa juu ya ushungi wa malkia, karibu na ukingo. Halikutobolewa na sonara. Lilipigwa msumari, kutoka upande wa tai, ndiyo maana upande wa malkia kingo zake zilivimba. Lakini uvimbe ule ulikuwa umelainika kama kokwa la ubuyu lililomumunywa, kwa kusuguana na vifua vya wanawake wa ukoo wangu. Aliyelipiga ni bibi wa Bi Tatu mwenyewe. Jina lake aliitwa Faida, na jina hilo alipewa na mtu aliyemnunua. Alikuwa mtumwa.

Bi Tatu alinieleza hayo bila kushusha sauti, akichambua mchele. Alisema kwamba Faida alipokuwa huru alisuka ukili wa mikeka akauza, na reale ya kwanza aliyoipata kwa mkono wake aliitoboa mwenyewe kwa msumari, akaivaa. Sikumwuliza kwa nini. Nilidhani ni pambo. Alisema pia kwamba kila binti wa ukoo avishwe reale hiyo siku ya arobaini yake na kutajiwa jina la mwenyewe wa kwanza. Binti yangu Rukia alivishwa. Jina sikumtajia. Alipokua akaniuliza ilikuwa ya nani, nilimjibu kwamba ilikuwa ya bibi mmoja wa zamani. Akauliza tena, nikamwambia nitamweleza baadaye.

Basi kamati ya ukumbi wa mji ikaandaa maonyesho ya sarafu za kale, ikaniomba niwe msemaji. Familia kubwa za mjini zilileta reale zao katika vijaluba vya mahameli, zote nzima, zimeng'aa. Mimi niliahidi kuleta ya kwetu. Na usiku niliotoa ahadi hiyo ndipo nilipoanza kuliona tundu. Sarafu nzima huulizwa ilinunua nini. Sarafu yenye tundu huulizwa ilining'inia shingoni mwa nani, na tundu la msumari huulizwa mwenye shingo hiyo alikuwa nani hata akakosa sonara. Niliisikia sauti ya muulizaji. Niliijua hata safu atakayokaa.

Nikaenda Mkunazini kwa sonara.

Alivaa miwani yake, akaigeuzageuza reale. "Lavuja, Maalim?"

"Nini?"

"Tundu. Wataka nilizibe, nauliza, lavuja?"

Wanawake wawili waliokuwa benchini wakisubiri vipuli vyao walifunika midomo kwa mitandio.

"Ni kwa ajili ya maonyesho," nilisema. "Sarafu huthaminiwa ikiwa nzima."

"Hewala. Tangu nikae kiti hiki watu waniletea reale niwatobolee, wewe wa kwanza kuniletea nizibe. Lakini mimi fundi. Hata ukitaka nimtie tai kichwa cha tatu, nitamtia, bora ukae naye wewe."

"Ziba tu."

Aliziba. Alikata kipande cha bangili ya kekee iliyovunjika, akakiyeyusha, akakijaza, akapiga tupa pande zote mbili. Ule uvimbe laini wa upande wa malkia ukawa vumbi jeupe ndani ya kisahani chake, naye akalikusanya kwa unyoya wa kuku ili lisipotee, kwa kuwa fedha ni fedha. "Haya, kapona," alisema akinikabidhi. "Mpe pole."

Jioni ile Rukia alikuwa kwangu, kama desturi, akimalizia arobaini yake ya uzazi. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kutoka, na mtoto, ambaye ni wa kike, alikuwa avishwe reale alasiri, baada ya mimi kurudi ukumbini. Alinyoosha mkono nikampa. Aliigeuza. Kidole gumba chake kilikwenda juu ya ushungi, kikazunguka, kikarudi.

"Liko wapi?"

"Liko wapi nini?"

"Baba, nawe."

"Nimelizibisha. Lilikuwa limeiharibu sarafu."

Aliinyanyua kwenye taa. "Imependeza," alisema. "Imekuwa kama ya watu."

Alikuwa akimpapasa mtoto mgongoni. Kisha akauliza, "Na kesho yeye tutamvisha nini?"

"Mkufu wa dhahabu. Nitamnunulia mimi."

"Mikufu iko madukani, Baba, haikimbii. Na ukumbini wakikuuliza ilikuwa ya nani?"

"Ya bibi mmoja wa zamani. Mke wa mfanyabiashara."

"Mfanyabiashara gani?"

Nikamwambia mtoto analia. Mtoto hakuwa akilia.

Nikaenda kulala, nikaitia reale ndani ya bilauri, nikafurahi.

Usingizi ulipokuja haukuja na giza. Ulikuwa mchana, jua limesimama, nami nilikuwa ukumbini nikisema. Nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema nikiwa macho. Niliieleza reale ya mzinga, na ya Fransa, na ile ya Sultani isiyo na sura. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali, na kila nilipofika mwisho wa sentensi sentensi nyingine ilikuwa tayari ikiningoja. Nilipofika kwenye reale ya Sham niliinua macho, nikamwona Bi Tatu katika safu ya mwisho.

Alikaa kama alivyokuwa akikaa harusini, miguu ameikunja juu ya kiti, kanga yake moja ameitanda na nyingine ameifunga kifuani. Shingo yake ilikuwa tupu. Mapajani alikuwa na uzi mweusi. Alikuwa akiilowesha ncha yake kwa midomo na kuisokota kwa vidole, bila haraka, kama mtu aliyeambiwa kwamba shughuli bado. Nilijua kuwa amekufa. Sikushangaa kumwona, nilichoshangaa ni kwamba nilitamani asimame aondoke.

Alisimama, akaja mbele. Anapita katikati ya viti na watu wanavuta kanzu zao kumpisha, na mimi naendelea kusema, nasema kwa sauti kubwa zaidi, habari za lulu na za kishikizo cha begani. Kasha la kioo liko mbele yangu, lakini halina kioo. Anaingiza mkono anaichukua reale. Macho yake ni yale ya mwisho wa uhai wake, meupe kwa mtoto wa jicho, na kidole chake kinalitafuta tundu kama kilivyokuwa kikilitafuta kila asubuhi. Anazunguka ukingo. Anarudia. Anauleta uzi, anausukuma kwenye fedha ngumu, ncha inakunjika; anailowesha tena, anausukuma tena. Ukumbi mzima unautazama uzi ule.

"Maalim," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo maisha yake yote. "Nipitishe wapi?"

Mzee mmoja wa safu ya mbele, mtu wa nyumba kubwa, amevaa joho, ananiinamia kwa upole mwingi. "Maalim, huyu bibi ni wako?"

Nami nikajibu. Hakuna aliyenitia maneno kinywani. Niliyachagua, tena niliyapanga. Nikasema, "Ni bibi mmoja wa mtaani. Amepotea njia."

Bi Tatu aliishusha mikono yake, na mzee wa joho akaitwaa reale kutoka vidoleni mwake kama mtu anavyomtwalia mtoto kitu kisichokuwa chake. Anaitazama. Anazipapasa lulu. Anaupitisha ukucha juu ya ushungi, pale, haswa pale, na ukucha haukwami. Kisha anaigonga juu ya jiwe, maana pale palipokuwa na meza sasa pana jiwe, na dari haipo, tumo uani kwenye jua, na viti havipo, watu wote wamesimama. Reale ikalia mlio safi.

"Nzima," akasema mzee.

"Nzima," akasema wa pili yake. Neno likapita kinywa kwa kinywa mpaka ukutani, nzima, nzima, nami kifua changu kikajaa kwa sababu walikuwa wakiisifu kazi yangu. Ndipo nilipojiuliza kwa nini wanaijaribu. Sarafu ya maonyesho haijaribiwi. Hujaribiwa ile itakayolipwa.

Mlangoni alikuwa amesimama msichana. Amefunga kaniki chini ya makwapa, mabega yako wazi, na sikio lake la kushoto limejikunja kidogo nchani. Nalijua sikio lile. Ni la Rukia. Ni la mtoto wa Rukia, tulilicheka siku aliyozaliwa. Nalijua na jina lake yule msichana. Jina liko tayari nyuma ya meno yangu, na nikilitamka mzee wa joho atanigeukia na kuuliza nimelijuaje. Basi nikalibana.

Mzee anakuja na reale mkononi. Nadhani anakwenda kwa muuzaji, natazama nyuma yangu nimwone muuzaji ni nani, na nyuma yangu pana ukuta.

"Pokea, Maalim," anasema. "Haki yako."

Akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nzito, na ilikuwa na joto la mikono ya watu. Ningeweza kuuacha mkono wazi ikaanguka. Nilifunga vidole.

Msichana yule alipita karibu nami akipelekwa. Nilitegemea hasira, na ingenifaa, kwa kuwa hasira unaweza kuijibu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu ambaye hutarajii kwake chochote. Kisha hakuwapo, na ua ukabaki mtupu, na mimi nimesimama nimekumbatia ngumi yangu.

Sijui nilitokaje pale. Naona tu kwamba naifungua ngumi na ndani hamna kitu, reale iko juu ya jiwe la kusagia, na jiwe liko jikoni kwa Bi Tatu, Ng'ambo, asubuhi. Pananuka ukili uliolowekwa. Mwanamke ameketi chini amelielekea jiwe. Ni msichana yule, lakini sasa ni mtu mzima, nywele zina mvi pembeni, na mkononi ana msumari. Bi Tatu yuko nyuma yake, amekaa juu ya kibao cha mbuzi kama anayengoja kukuna nazi. Mwanamke ameilaza reale, malkia chini, tai juu. Anauweka msumari. Anaokota jiwe dogo.

"Usifanye," nikasema. "Itaharibika."

Anapiga. Mlio wake naupata kwenye meno.

"Itapoteza thamani," nasema, na nasikia sauti yangu ni ileile ya ukumbini, yenye vituo na mpangilio. "Reale ikitobolewa sokoni hawaipokei. Haitanunua kitu tena."

"Ndiyo," akasema Bi Tatu.

Alisema hivyo tu. Mwanamke anapiga, na tai anapasuka kati ya vichwa vyake viwili, na mimi, niliyesoma yote yanayosomeka juu ya sarafu hiyo, ndiyo kwanza naelewa anachofanya. Alikuwa amenunuliwa kwa hizo. Ilipomjia moja iwe yake, aliitendea lile ambalo hakuna aliyemtendea yeye: aliitoa sokoni.

"Kwa nini asiitupe?" nikauliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Ukiitupa ataiokota mwingine," akasema Bi Tatu, "nayo itarudi kazini. Aliiua, akaivaa."

Msumari ukatokeza. Faida akaigeuza reale, akaupangusa uso wa malkia kwa pindo la kaniki yake, akautazama kidogo ule ushungi. Sikuwahi kuisikia sauti yake, na hata sasa siwezi kuisimulia ilikuwaje. Najua tu kwamba haikuwa ya huzuni.

"Na huyu apumzike," alisema. "Naye katembezwa mno."

Akapitisha uzi. Akamlaza malkia kifuani mwake, na uvimbe mpya wa tundu ukamkwaruza ngozi, nikaona alama nyembamba, nyekundu, naye hakuigusa.

Nilipiga magoti, au sakafu ya jiko ilikuwa imepanda juu. Macho yangu yalikuwa usawa na ya Bi Tatu. Alikuwa ameushika msumari. Akanipa. Ulikuwa na moto wa kazi.

"Wewe uliyeifufua," akasema.

"Palepale, Bibi?"

"Palepale. Na jina lake."

"Mbele ya watu?"

Akacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha zamani, cha pembeni mwa mdomo, alichokuwa akimchekea baba yangu. "Mbele ya mtoto kwanza. Watu watasikia wenyewe." Akanyoosha mkono, akanigusa paji la uso kama wanavyopimwa homa watoto. "Amka, mume wangu."

Niliamka ngumi imefungwa. Ilinibidi nivifungue vidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili, na ndani hamkuwa na kitu ila alama za kucha zangu. Kulikuwa kumepambazuka. Reale ilikuwa ndani ya bilauri, nzima, inang'aa, imekaa tayari.

Sikungoja kunawa uso. Kwenye kisanduku cha vyombo nilipata msumari wa chuma na nyundo, nikatoka nazo uani, nikailaza reale juu ya kizingiti, malkia chini, tai juu. Pigo la kwanza lilitelezea pembeni likamkwangua tai bawa. La pili likaingia. Kizibo cha sonara kilishika, kikalegea, kikachomoka, kikabiringika juu ya sakafu mpaka mlango wa pili, kikasimama penye mguu wa Rukia. Alikuwa amesimama pale na mtoto begani, sijui tangu lini. Niliendelea kupiga mpaka msumari wenyewe, uliokuwa mnene kuliko tundu, ukatokeza upande wa pili, kwa kuwa nilijua nikiacha katikati sitarudi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Nani kakutuma kugonga vyuma hata chai hujanywa?"

"Faida," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina hilo kwa sauti tangu Bi Tatu alipolitaja mbele yangu. Mtoto alikigeuza kichwa chake kilikotoka sauti, kama watoto wa umri ule wanavyofanya kwa sauti yoyote.

"Ndiye nani?" Rukia akauliza.

Hilo ndilo lililonivunja, zaidi ya ua ule na ngumi ile. Binti yangu, mtu mzima, mama wa mtu, mwenye sikio lile, ananiuliza ndiye nani. Nilikaa chini juu ya kizingiti, nikamwambia. Sikumficha alikuwa nani, wala ya sonara, wala yale niliyokuwa nimekwisha kuyapanga kuyasema ukumbini. Nilimweleza na ndoto, na kiganja changu sikukiruka. Alisikiliza akimtazama mtoto, hakunitazama mimi, nami nilimshukuru kwa hilo.

Nilipomaliza aliingia ndani, akarudi na uzi mweusi. Aliilowesha ncha kwa midomo, akaisokota. Uzi ukapita.

Kisha akakipitisha kidole gumba upande wa malkia, juu ya tundu, akakirudisha haraka akakitazama.

"Kali," alisema. "Zamani ilikuwa laini hapa. Itamkwaruza mtoto."

Ulaini ule niliuacha Mkunazini, ndani ya kisahani cha vumbi. Hakuna fundi wa kuurudisha.

"Nipe mimi," nikamwambia. "Nitaivaa mimi kwanza."

"Ukumbini?"

"Ukumbini. Alasiri utamvisha juu ya nguo, mpaka hapo itakapolainika."

Hakucheka, ingawa yalikuwapo ya kucheka: mzee wa makala, na kidani cha wanawake shingoni. Alimlaza mtoto mapajani mwangu, akazunguka nyuma yangu, akafunga fundo. Niliinamisha shingo. Reale ikashuka ndani ya kanzu, tai kaelekea nje, mjane kaelekea kwangu, na kabla sijasimama ilikuwa imekwisha kunikwaruza.